Sauti ya king'ora imo ndani ya mota

Ukitembea vijijini Ujerumani na kuinua macho juu ya paa la kituo cha zimamoto au la shule kongwe, mara nyingi utaona kitu chenye umbo la uyoga: kofia pana ya bati juu, mwili wa chuma chini yake, na nguzo iliyopenya vigae. Hicho ni king'ora cha E57. Herufi E inatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya muundo mmoja kwa wote, na 57 ni mwaka 1957. Enzi hizo za vita baridi kilitengenezwa na viwanda kadhaa, lakini vipimo vilikuwa vilevile: mota ya umeme wa fezi tatu, kilowati 5, mizunguko 2,800 kwa dakika, mlio wa hezi 420, yaani mitetemo 420 kwa sekunde.

Sasa chukua king'ora kimoja kati ya hivyo, kimekaa juani na kwenye theluji miaka sitini, na siku ya majaribio hakilii. Fundi anapanda, anavua kofia, anakutana na harufu ile ambayo fundi yeyote wa mota anaijua hata akiwa amefumba macho: vanishi iliyoungua. Anazungusha rota, ile sehemu inayozunguka, kwa mkono, inazunguka vizuri. Akiwasha umeme, mota inaguruma tu na fyuzi inakatika. Anasoma kibao, anaona kilowati 5. Anakwenda dukani, anaambiwa kilowati 5 haitengenezwi siku hizi, chukua 5.5, tena hii ni bora zaidi na inakula umeme kidogo. Anaifunga. King'ora kinalia.

Watu wengi wangeishia hapo, na ndipo kosa linapoanzia. Mota ya pampu ukiibadilisha, maji yatatoka zaidi kidogo au pungufu kidogo, na hakuna atakayelalamika. King'ora cha aina hii hakina spika wala kifaa chochote cha kutengeneza sauti. Sauti yote inatokana na mwendo wa shafti, ile fimbo ya mota inayozungusha rota. Anayechagua mota kwa kusoma kilowati peke yake anachagua sauti bila kujua.

Hewa inayokatwa

Rota ya king'ora ni ndugu wa feni. Ina mapanga ndani yake na ukuta wa duara wenye madirisha. Nje yake kuna ganda lililotulia, la chuma au aluminiamu, nalo lina madirisha yaleyale. Rota ikizunguka, hewa inavutwa katikati na kusukumwa nje kwa nguvu. Dirisha la rota likikutana na dirisha la ganda, hewa inafyatuka. Likikutana na ukuta, hewa inazibwa. Fyatu, ziba, fyatu, ziba, mara mia kadhaa kwa sekunde, na sikio linasikia mlio mmoja mnene.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Rota ya E57 ina madirisha 9. Mizunguko 2,800 kwa dakika ni sawa na mizunguko 46.7 kwa sekunde. Zidisha kwa 9, unapata 420. Hiyo ndiyo hezi 420 ya kwenye vipimo.

Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitumia kanuni hiyohiyo mwaka 1819 kupima sauti kwenye maabara, kwa kisahani chenye matundu kilichozungushwa na hewa yenyewe. Kifaa chake kilikuwa na uwezo wa kulia hata ndani ya maji, akakiita kwa jina la wale viumbe wa baharini wa hadithi za Kigiriki waliowavuta mabaharia kwa nyimbo. Jina hilo, siren kwa Kiingereza, ndilo lugha nyingi za Ulaya zinalotumia mpaka leo. Sisi tumebaki na king'ora, neno letu wenyewe, na kwa masikio yangu linafanana zaidi na kitu chenyewe.

Waingereza walifanya jambo moja zuri sana katika ving'ora vyao vya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Waliweka mota katikati na rota mbili, moja kila upande wa shafti, moja ikiwa na madirisha 10 na nyingine 12. Mota ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, upande mmoja unatoa hezi 483 na mwingine 580. Sauti hizo mbili kwa pamoja ndizo zinazofanya mlio ule uwe na huzuni fulani ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Ukibadilisha mota ya king'ora cha namna hiyo, sauti zote mbili zitapanda au kushuka pamoja, lakini uwiano kati yake haubadiliki, kwa kuwa uwiano umechongwa kwenye chuma. Kinachobaki mikononi mwa fundi ni kimo cha sauti, nguvu yake, na jinsi inavyopanda na kushuka.

Kwa nini mota bora inaweza kuharibu mambo

Mota ya fezi tatu yenye nguzo mbili za sumaku, kwenye umeme wa hezi 50, ina usumaku unaozunguka mara 3,000 kwa dakika. Rota ya mota haifikii kasi hiyo kamwe. Lazima ibaki nyuma kidogo, maana ni kule kubaki nyuma kunakoizalishia nguvu ya kusokota. Mota za zamani zilibaki nyuma sana. Hii ya E57 ilibaki nyuma kwa mizunguko 200 kamili, ikatulia kwenye 2,800.

Mota za leo zimeboreshwa ili zisipoteze umeme. Zina shaba nyingi zaidi na bati bora zaidi za kiini, na matokeo yake zinabaki nyuma kidogo tu. Mota mpya ya kilowati 5.5 huzunguka kwenye 2,900 au zaidi ikiwa na mzigo wake kamili. Tuseme 2,900. Mlio unakuwa hezi 435 badala ya 420.

Je, hezi 15 zina madhara? Kwa king'ora kilicho peke yake, sikio la mwanakijiji halitagundua. Ila ving'ora hivi havikai peke yake. Bonde moja linaweza kuwa na vitatu vinne, na vikilia pamoja kimoja kikiwa 420 na kingine 435, sauti zao zinagongana angani na kutoa mtetemo mkali wa mara 15 kwa sekunde kwa mtu aliyesimama katikati.

Lakini jambo kubwa zaidi ni mzigo. Feni ina tabia ambayo kila anayeshughulika na mota inabidi aiweke kichwani: nguvu inayohitaji inakua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ongeza kasi mara mbili, inataka nguvu mara nane. Kutoka 2,800 kwenda 2,900 ni ongezeko la asilimia 3.6 tu, lakini nguvu inapanda kwa asilimia 11. Ikiwa rota ilikuwa inakula kilowati 5 kamili kwenye mota ya zamani, kwenye mota mpya itakula karibu 5.55. Ile nusu kilowati uliyodhani ni akiba imeliwa yote na ziada.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kinachotokea king'ora cha Marekani kikiletwa kwenye umeme wa hezi 50, kama ulivyo Tanzania, Kenya na kwingi duniani. Kule kwao umeme ni wa hezi 60, na mota ya nguzo mbili inazunguka karibu 3,450. Ukiileta huku inashuka kwa moja ya sita. Mlio unashuka kwa kiwango hicho, na nguvu inayoingia kwenye hewa inabaki kama asilimia 58 ya ile ya mwanzo. Kitalia, lakini hakitafika mbali. Juu ya hayo, mota iliyosukwa kwa hezi 60 ukiipa voti zilezile kwenye hezi 50, kiini chake cha bati kinashiba usumaku, ampia zinapanda, na inapata moto hata kabla hujaifunga rota. Mwenye king'ora cha namna hiyo atafute mota ya hezi 50, na akubali kwamba sauti ya asili ya Marekani hataipata bila kutumia kifaa cha kubadilisha hezi.

Jambo moja la hatari kuhusu ving'ora vidogo vya Marekani, kama Model 2 ya Federal yenye nguvu farasi 2: mota zake ni za brashi, waya wa rota na wa stata (sehemu ya mota isiyozunguka) umeunganishwa mfululizo. Mota ya aina hiyo haina kasi maalumu. Kinachoizuia isikimbie ni mzigo wa hewa. Fundi akiitoa rota ya king'ora halafu akaijaribu mota tupu mezani kwa umeme kamili, itaongeza kasi bila kikomo mpaka waya ziruke kutoka kwenye nafasi zake. Ijaribu kwa voti chache, imefungwa imara kwenye jiliwa, na uso wako usiwe upande wa shafti.

Kupanda na kushuka

Kwa mujibu wa alama zinazotumika Ujerumani, mlio unaopanda na kushuka kwa dakika moja maana yake ni hatari: ingia ndani, fungua redio. Mlio mmoja ulionyooka kwa dakika moja ni kwamba hatari imepita. Sekunde 12 za mlio, kimya cha sekunde 12, mara tatu, ni kuwaita wazimamoto wa kujitolea. Maana imebebwa na umbo la sauti, basi umbo hilo likipotea, watu hawataelewa wanachoambiwa.

Kupanda na kushuka hufanywa kwa njia rahisi mno: kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, inawasha mota, inazima, inawasha tena. Ikizimwa, rota inaendelea kuzunguka kwa uzito wake na sauti inashuka taratibu. Kabla haijafa, umeme unarudi.

Hapa mota inateswa kuliko mahali pengine popote. Kila inapowashwa kutoka kusimama, inavuta ampia mara tano mpaka nane ya zile za kawaida, na joto linalozalika ndani ya rota ya mota kwa kuanza mara moja ni karibu sawa na nishati yote iliyohifadhiwa kwenye ile rota nzito ikiwa kwenye kasi kamili. Hiyo haiepukiki kwa mota inayowashwa moja kwa moja. Nafuu ni kwamba king'ora kinapolia cha hatari, mota haianzi kutoka sifuri. Ikiwa imeshuka hadi asilimia 60 ya kasi ndipo umeme unarudi, joto la kuipandisha ni kama asilimia 16 tu ya lile la kuanza kutoka kusimama. Ikiachwa ishuke hadi asilimia 30, joto linakuwa karibu nusu. Kwa hiyo muda wa kuzima na kuwasha una sababu zake, na mtu asiuchezee kwa kutaka sauti ipande na kushuka kwa madaha zaidi.

Mota mpya inabadilisha umbo hili kwa namna mbili. Rota yake mwenyewe inaweza kuwa nzito kuliko ile ya zamani, hivyo inachelewa kushuka. Na nguvu yake ya kuanzia inaweza kuwa tofauti, hivyo inapanda haraka zaidi au kwa kujivuta. Kabla ya kutoa mota ya zamani, kama bado inaweza kulia hata mara moja, irekodi kwa simu. Pima sekunde za kupanda mpaka sauti itulie, pima sekunde za kushuka. Dakika mbili za kurekodi zitakuokoa siku mbili za kubahatisha.

Wapo wanaofunga starta ya nyota na delta, inayoanzisha mota kwa voti pungufu (nyota) kisha kuipa voti kamili (delta), ili kupunguza ampia za kuanzia. Kwa pampu ni sawa. Kwa king'ora inaua umbo la sauti, kwa sababu kwenye nyota nguvu ya kusokota inabaki theluthi moja, na rota inapanda kwa kujikongoja. Kifaa cha kielektroniki cha kubadilisha hezi ni suluhisho zuri zaidi: unaweza kukishusha mpaka hezi 48 na kitu, ukarudisha mizunguko 2,800 na mlio wako wa 420, na ukachonga upandaji wa sauti unavyotaka. Hakikisha tu kimewekwa kuachia mota izunguke huru inapozimwa. Kikiwekwa kupunguza kasi kwa kuivuta breki, rota inageuka jenereta, umeme unarudi ndani ya kifaa, voti zinapanda na kifaa kinajizima katikati ya tahadhari. Mimi binafsi nasita kuweka kielektroniki laini kwenye kitu kilichodumu miaka sitini kwa sababu hakikuwa nacho, tena juu ya paa ambako radi inatafuta pa kupita.

Usitupe ile ya zamani

Njia ninayoipenda ni kuisuka upya mota ileile, yaani kuifunga waya mpya. Huku kwetu kazi hii haijafa. Pita Gerezani, Dar es Salaam, utakuta mafundi wa kuwaindi wamekaa na stata mapajani, vidole vikipanga waya kwenye nafasi moja baada ya nyingine. Ulaya fundi wa namna hiyo ni wa kutafutwa, maana mota ndogo ikiungua hutupwa. Lakini kwa king'ora, kusuka upya ndiyo njia pekee inayorudisha sauti bila mahesabu: bati zilezile, rota ileile, shafti ileile, kubaki nyuma kulekule kwa mizunguko 200.

Sharti ni kusuka kama ilivyokuwa. Kabla ya kukata, hesabu nafasi za stata, andika koili inaruka nafasi ngapi, chora jinsi ncha zilivyounganishwa. Kata koili moja nzima, hesabu mizunguko ya waya, pima unene wa waya kwa maikromita baada ya kuondoa vanishi. Fundi mwenye haraka hupunguza mizunguko michache ili waya uingie kirahisi. Mota itapata nguvu zaidi ya kuanzia, itavuta ampia nyingi zaidi, na kiini kitapata moto. Akiongeza mizunguko, nguvu inashuka kwa kipeo cha pili. Na wakati wa kuchoma koili za zamani zitoke, moto usiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu bati za kiini zimetenganishwa na tabaka jembamba la vanishi. Likiungua, bati zinashikana na mota itachemka siku zote za maisha yake hata ukiisuka kwa shaba mpya kabisa.

Kama kiini kimeharibika na hakuna budi kununua, basi angalia mambo ya chuma. Mota ya leo ya kilowati 5.5 ya nguzo mbili kwa kawaida ina shafti ya milimita 38. Ile ya kilowati 4 ina milimita 28. Rota ya king'ora ilichongwa kwa shafti yake, na tundu lisipolingana utahitaji bushi iliyochongwa kwa uangalifu mkubwa au shafti iliyopunguzwa kwenye leth. Usikubali kutoboa tundu la rota kwa drili ya mkono. Rota yenye kipenyo cha nusu mita ikizunguka mara 2,800, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 260 kwa saa. Tundu likihama hata kidogo, mtikisiko utakula beringi, utalegeza bolti, na siku moja utavunja rota yenyewe.

Kutoa rota kwenye shafti ya zamani tumia pula (kifaa cha kuivuta itoke), mafuta ya kulainisha kutu, na subira ya kulala usiku mmoja. Nyundo ikigonga rota ya aluminiamu mara moja tu, uwiano wa uzito wake umekwisha. Ukifunga kwenye mota mpya, urefu wa shafti ni muhimu kama unene wake. Rota ikikaa milimita chache juu au chini ya pale ilipokuwa, madirisha hayatakutana sawasawa na sauti itapungua. Mwanya kati ya rota na ganda ni mdogo kwa makusudi; ukiwa mkubwa hewa inavuja na mlio unakuwa mkavu. Izungushe kwa mkono mzunguko mzima, polepole, ukisikiliza mkwaruzo.

Halafu maji. King'ora kilichosimama wima, shafti ikitazama juu, kinaelekeza kila tone linaloteleza kwenye shafti hiyo moja kwa moja ndani ya beringi. Mota ya kawaida ya kulala haikutengenezewa hilo. Omba iliyotengenezwa kusimama wima, yenye flenji, beringi inayobeba uzito wa rota kutoka juu, na kinga ya mpira inayorusha maji nje. Tundu la kutolea maji liwe sehemu ya chini kabisa kulingana na mota inavyokaa. Nimeona mota nzuri ikioza kutoka ndani kwa sababu tundu lile lilibaki ubavuni.

Kwenye umeme, angalia waya unaopanda mpaka paani. Ampia za kuanzia zikipita kwenye waya mrefu na mwembamba, voti zinashuka, na nguvu ya mota inashuka kwa kipeo cha pili: voti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya kusokota inapungua kwa asilimia 19. Mota mpya ambayo inapanda kwa kujivuta mara nyingi haina kosa. Waya ndio umechoka. Kisha angalia mshale wa upande wa kuzunguka. Ikizunguka kinyume, badilishana fezi mbili.

Kuna udhaifu ambao mota haiwezi kuuponya. E57 inategemea umeme wa gridi, na ukikatika hakuna sauti. Mafuriko ya Julai 2021 yaliyoua zaidi ya watu 180 nchini Ujerumani, wengi wao katika bonde la mto Ahr, yaliirudisha nchi nzima kwenye mjadala wa ving'ora, baada ya vingi kung'olewa tangu miaka ya 1990. Vipya vingi vinavyofungwa sasa ni vya kielektroniki vyenye betri. Hilo ni sahihi. Lakini vya zamani vilivyobaki bado vinalinda watu leo, na vinastahili mota iliyochaguliwa kwa akili.

Ukishafunga, washa kwa dakika moja mfululizo, programu ya kupima masafa ya sauti ikiwa wazi kwenye simu. Sauti ikitulia, soma hezi, gawanya kwa 9, zidisha kwa 60: hiyo ni mizunguko yako, bila kupanda na kifaa cha kupimia. Wakati huohuo mwenzako aliye kwenye boksi la kontakta asome ampia kwa klampu, kipimo kinachobana waya kwa nje, kwenye fezi zote tatu na kuzilinganisha na za kwenye kibao. Zima, hesabu sekunde mpaka kimya. Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike ndani ya mlango wa boksi: tarehe, hezi, ampia za kila fezi, sekunde za kupanda, sekunde za kushuka. Fundi atakayefungua mlango huo miaka thelathini ijayo atajua king'ora hiki kilipaswa kulia vipi.